Hana Ndugu? Peramiho, Chipole na Maskini wa Songea

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa milima ya Matogoro bado haujainuka. Sebule ya mwenyeji imejaa, viti vya plastiki vimeazimwa nyumba ya tatu, watoto wamebanana mkekani. Sala zimekwisha, Injili imesomwa, waliotaka kutafakari kwa sauti wametafakari, mmoja akizidisha kidogo. Yamebaki matangazo na michango. Katibu wa jumuiya ndogo ya Kikristo anafungua daftari lake la kurasa mia mbili na kusoma: bibi wa kule karibu na kisima, ukuta wa nyuma umeanguka kwa mvua ya juzi, sasa analala jikoni, na jiko lenyewe linavuja. Kimya. Kisha mzee mmoja wa pembeni anauliza swali ambalo huulizwa kila mara kwenye vikao hivi.

"Hana ndugu?"

Mgeni angedhani ni ukatili. Si ukatili. Songea, mtu haitwi maskini kwa kukosa fedha tu, maana fedha wengi hatuna. Maskini ni yule ambaye akikosekana siku mbili hakuna wa kuuliza yuko wapi. Na asiye na makazi hapa si lazima awe wa kulala juu ya maboksi. Wapo vijana wanaolala stendi na kwenye vibaraza vya Soko Kuu, nao tunawaona. Ila mara nyingi asiye na nyumba ni mtu aliyekuwa nayo. Ni mjane ambaye shemeji zake walikuja baada ya arobaini kuhesabu mabati. Ni mzee aliyesingiziwa uchawi. Ni mtoto aliyehamishwa kwa shangazi, kisha kwa mjomba, mpaka jamaa wakaisha.

Mwaka 2023 misheni ya Peramiho ilitimiza miaka 125. Katika sherehe za namna hiyo tunahesabu maaskofu, minara na kengele. Mimi nimependa kuihesabu miaka hiyo kwa swali la yule mzee: katika nchi hii, aliyeishiwa na ndugu alikwenda wapi, na huko alikokwenda alipokewa na nani?

Wangoni walikuwa na jibu lao kabla padri yeyote hajafika. Walitoka kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na baada ya safari ndefu na migawanyiko wakasimika falme mbili katika nchi hii, Njelu na Mshope. Waliowateka vitani waliwaita sutu, wakawaingiza katika kaya zao, wakawapa kazi, mara nyingine wakawapa mke na hata jina la ukoo. Tusiupambe utaratibu huo. Mtu alichukuliwa kwa mkuki, na waliouawa hawakuulizwa kama wangependa kuwa Wangoni. Lakini baada ya kizazi kimoja au viwili mjukuu wa mateka alikuwa na kaya, shamba na jina. Nusu ya Wangoni unaowajua wana bibi wa namna hiyo, hata kama nyumbani hawazungumzii.

Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897. Mwaka uliofuata alifika Padri Cassian Spiss, mtawa wa Shirika la Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, mzaliwa wa Tyrol huko Austria, akaanzisha misheni Peramiho, kama kilomita 24 magharibi ya boma. Mwaka 1899 ikafuata Kigonsera. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya kujenga, kufundisha watoto na kuvumiliana. Watawala wa Kingoni waliwatazama wageni hawa kama watu ambao huenda wakawa na faida na huenda wakawa na hasara.

Kisha ikaja vita ya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Tarehe 14 Agosti 1905 Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa Mikukuyumbu karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kuja huku. Septemba Peramiho ikachomwa moto. Na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni mjini Songea. Makumbusho ya Majimaji pale mtaa wa Mahenge yanawakumbuka mashujaa 67, na kila Februari mji mzima hukusanyika kwao. Wengi wao walibatizwa na padri katika siku zao za mwisho, kabla ya kitanzi. Mpaka leo ukilitaja jambo hilo kwenye kundi la wazee utawaona wakigawanyika: wapo wanaosema ilikuwa faraja, wapo wanaosema ilikuwa dhihaka.

Baada ya kitanzi ilikuja njaa, na njaa ndiyo iliyoua zaidi. Jeshi la Kijerumani lilifanya moto kuwa silaha: mashamba yalichomwa, maghala yalichomwa, mbegu zikachukuliwa, watu wakazuiwa kulima. Serikali ya kikoloni ilikubali kwamba watu 75,000 walikufa katika nchi zote zilizopigana. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti ya hesabu hizo mbili kwa sehemu kubwa ni ya watu waliokufa bila risasi.

Hapo ndipo historia ya msaada wa kanisa katika nchi hii inapoanzia hasa, na haianzii pazuri. Wamisionari walirudi wakakuta majivu, mashamba yaliyoota magugu na watoto wasio na wazazi. Watu wakawaendea, maana hapakuwa na pengine pa kwenda. Koo zilikuwa zimevunjika, watawala wamenyongwa, ghala hakuna. Misheni ilikuwa na mbegu, chumvi, nguo na kazi ya ujira. Ilikuwa pia na neno la kumwambia askari wa boma, na pengine hilo lilikuwa na thamani kuliko mahindi. Lakini mkono uliogawa mahindi ulikuwa jamaa na mkono uliochoma ghala. Walizungumza lugha moja, wakiandikiana barua kwa sarufi moja. Misheni zikakua haraka miaka ile, na mtu mwaminifu hawezi kuandika kwamba ukuaji huo haukuwa na uhusiano na matumbo matupu. Wapo walioingia kanisani kwa mlango wa jikoni. Wajukuu wao wameingia kwa mlango mkubwa wala hawaoni haja ya kuuliza.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani. Walipochukuliwa na Waingereza, waliobaki kuzishika sala na vijiji ni walimu wa katekisimu, watu wa hapa hapa, wenye kengele, daftari na jembe. Ninawataja kwa sababu hawana sanamu popote. Katika miaka ya 1920 Wabenediktini walirejea, safari hii Waswisi wakitangulia, na mmoja wao, Gallus Steiger, ndiye aliyekuwa abate wa Peramiho ilipofanywa abasia mwaka 1931. Abate huyo alikuwa na mamlaka ya askofu juu ya nchi nzima inayoizunguka. Kwa hiyo kwa miaka karibu arobaini monasteri ndiyo iliyokuwa jimbo, na mtu wa Mbinga au Namtumbo aliposema "Kanisa" alimaanisha Peramiho.

Na Peramiho walikuwa na namna yao ya kusaidia. Hawakupenda kugawa. Mbenediktini husali na kufanya kazi, na alidhani kila mtu ataponywa kwa dawa ile ile. Wakajenga karakana: useremala, uashi, ufundi chuma, viatu, cherehani, uchapaji wa vitabu. Mtu aliyekuja kuomba alipewa randa, na kijana yatima akapewa mwalimu bruda asiyecheka. Mpaka leo Songea, fundi akikuambia "Mimi nimesoma Peramiho," unapunguza maswali. Utautambua mlango wa Peramiho ukiwa mbali: mninga mzito, ubao haukupinda, ulimi umeingia kwenye mfereji wake mpaka wembe haupiti, na bawaba zimekaa kana kwamba mbao zilizaliwa nazo. Nimewahi kuona mlango wa namna hiyo ukiwa bado wima kwenye nyumba ambayo kuta zake zilikwisha kuanguka. Na kitabu cha sala cha bibi yako, kile kilichoshonwa kwa uzi na kufunikwa gazeti, kifungue ukurasa wa kwanza uone kama hakikuchapwa Peramiho au kwa Wabenediktini wenzao wa Ndanda.

Dawa ya randa, hata hivyo, ilikuwa ya vijana wa kiume wenye nguvu. Nchi ilikuwa na maskini wengine. Serikali ya Waingereza iliiacha Songea bila barabara ya maana na bila reli. Kodi ilidaiwa, zao la fedha lilikuwa tumbaku na kwa wachache, kwa hiyo wanaume walitembea kwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro. Wakaitwa manamba, kwa ile namba waliyopewa. Wengine walirudi na baiskeli na shuka mbili. Wengine walirudi na kifua. Wengine walioa huko wakasahau njia. Nyuma yao walibaki wanawake ambao si wajane na si wenye waume, wakilima peke yao, na watoto waliomjua baba kwa jina tu. Ukiuliza "Hana ndugu?" juu ya mwanamke wa namna hiyo, jibu lilikuwa gumu: anaye, yuko Tanga, ni mwaka wa sita huu.

Mwaka 1938 Abate-Askofu Gallus Steiger alianzisha shirika la watawa wa kike Waafrika, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, ambao nyumba yao mama ni Chipole. Wazungu walikuwa na masista wao tayari, Wabenediktini wa Tutzing, waliokuwa uti wa mgongo wa hospitali ya Peramiho. Lakini shirika la mabinti wa hapa lilikuwa jambo jingine. Kwa ukoo wa Kingoni au wa Kimatengo, binti anayekwenda utawani ni mahari isiyokuja na wajukuu wasiozaliwa. Kuna wazazi waliolia kama kwenye msiba. Haikupita miaka mingi ikaonekana kwamba mabinti wale wasio na watoto ndio waliokuja kuwa mama wa watoto wa watu wengine. Kituo cha yatima cha Chipole kimelea watoto ambao mama alifariki kwenye uzazi na baba hakuweza kunyonyesha. Na sista aliyewalea alikuwa anajua lugha ya kumbembelezea mtoto wa Kingoni bila kufundishwa.

Lakini nikitakiwa kuchagua sehemu moja katika historia hii yote ya kumwonyesha mgeni, nitampeleka Litisha.

Litisha iko jirani na Peramiho. Hapo ndipo hospitali ya misheni ilipowaweka wagonjwa wa ukoma. Zamani mgonjwa wa ukoma alikuwa mtu aliyekwisha kuzikwa kabla hajafa. Alijengewa kibanda porini, chakula kikaachwa njiani, na jina lake likaondolewa kwenye mazungumzo. Huyu ndiye asiye na makazi hasa, maana nyumba yake ipo na watu wake wapo na wote wanamkimbia. Kambini alikuta watu wenye vidole kama vyake, akapewa kitanda, akapewa shamba dogo. Palikuwa na ndoa, ugomvi wa mipaka, kuku, na wapo waliopika pombe kwa siri. Kwa maneno mengine, palikuwa kijiji.

Dawa zilipokuja, kwanza vidonge vya dapsone baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha katika miaka ya 1980 mchanganyiko wa dawa unaomaliza ugonjwa kabisa, yakatokea mambo ambayo madaktari hawakuyapangia. Watu walipona, wakapewa cheti, wakaambiwa: nendeni nyumbani. Wengi hawakwenda. Nyumbani wapi? Kaka alikwisha kurithi shamba. Mke alikwisha kuolewa. Mkono usio na vidole haumshawishi jirani kwamba vijidudu vimekufa. Wakabaki Litisha wakiwa wazima, wazee kwa wazee, na ikawa ni juu ya masista na parokia kuendelea kuwa ndugu wa watu waliopona. Msaada wa namna hii hauna picha nzuri ya kumpelekea mfadhili. Hakuna mtoto anayetabasamu. Kuna mzee anayehitaji viatu vilivyoshonwa kwa kipimo cha mguu wake peke yake, maana mguu usiosikia maumivu ukivaa kiatu cha dukani utatoboka mpaka mfupa. Mshona viatu wa karakana alijua kuvishona. Sijui kazi nyingine ya Peramiho inayounganisha randa na rehema vizuri kuliko kile kiatu.

Mwaka 1964 swali la yule mzee liliulizwa kwa maelfu kwa wakati mmoja. Septemba ile FRELIMO walianza vita dhidi ya Wareno, na watu wa Msumbiji wakavuka mto Ruvuma usiku, na mbuzi, na wagonjwa mgongoni. Serikali ya Nyerere ikatenga ardhi. Muhukuru, kusini mwa Songea, ikawa makazi ya wakimbizi, kama Lundo kule Ziwa Nyasa na Rutamba kule Lindi. Aliyekabidhiwa kuyaendesha, pamoja na serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ni shirika la makanisa: TCRS, lililoanzishwa mwaka huo huo wa 1964 chini ya Walutheri duniani. Kwa hiyo katika nchi ya Wakatoliki, kilomita chache kutoka misheni za Kibenediktini, walikuwa Walutheri waliochimba visima, kupima mashamba na kujenga zahanati. Nimewahi kusikia watu wakijadili nani alistahili sifa. Wakimbizi wenyewe, nadhani, walikuwa wanaangalia kama kisima kina maji.

Na pale mpakani "Hana ndugu?" lilijibiwa kwa namna ambayo haikuwashangaza wenyeji. Anaye. Ni sisi. Mto Ruvuma ni mpaka wa Wazungu. Wayao wako huku na kule, Wangoni wako huku na kule, na mwanamke aliyevuka na watoto wanne aliweza kutaja ukoo wa bibi yake akapata kibanda kabla kambi haijamwandikisha. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 wengi walirudi. Si wote. Muhukuru bado ipo, na majina ya familia yake yanasimulia mengine.

Mwaka 1969 mambo mawili yalitokea Songea ambayo huandikwa katika vitabu tofauti, nami nayaweka pamoja makusudi. Februari, eneo la abasia liligeuzwa kuwa Jimbo la Songea, na mwana wa nchi, James Joseph Komba, akawa askofu wake. Watawa wakabaki na monasteri na hospitali, jimbo likawa la wenyewe. Septemba, Chama tawala kikaivunja Ruvuma Development Association, ile jumuiya ya vijiji vilivyoanzia Litowa, ambako wakulima walikuwa wamejipangia wenyewe kulima pamoja na kusomesha watoto pamoja. Siku zile ilionekana kana kwamba mlango mmoja umefunguka na mwingine umefungwa. Miaka michache baadaye, katika operesheni ya vijiji, watu wakahamishwa kutoka kwenye vihame vyao na wengine wakakaa msimu mzima chini ya nyasi wakisubiri kujenga upya.

Katika mazingira hayo maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, waliamua kwamba kanisa lijengwe kutoka chini, nyumba kwa nyumba: jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Sifa wanapewa maaskofu, na wanastahili. Lakini mtu aliyeishi Tanzania ya wakati ule anajua kwamba tulikuwa tumekwisha kuzoea balozi wa nyumba kumi, daftari lake na kikao chake. Kanisa lilikuta watu wanaojua tayari kukaa kumi kumi na kuulizana habari. Likaongeza rozari.

Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana. Kabla yake maskini alikuwa na anwani moja, Peramiho. "Nenda misheni, watakupa." Maneno hayo yaliwaharibu watu, nasema wazi: yaliwafanya matajiri wadogo wa kijiji wajione hawahusiki. Jumuiya ilimrudisha maskini kwa jirani. Mchango haukutoka tena kwenye kontena lililofika bandarini na nguo za majira ya baridi. Ulitoka kwenye kisado cha mahindi cha mtu ambaye naye anakihitaji. WAWATA, akina mama Wakatoliki walioanza kitaifa mwaka 1972, wakashika upande wa sabuni, khanga za wazazi na kulala msibani. Parokia zikaweka siku ya wagonjwa.

Jumuiya hiyo ilipimwa na UKIMWI. Katika miaka ya 1990 na ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na wiki ambazo mafundi wa majeneza hawakulala. Hospitali ya Peramiho ilijaa mpaka ikabidi wagonjwa wahudumiwe majumbani, na huko majumbani aliyefika kumwosha mgonjwa, kubadilisha shuka na kumkorogea uji alikuwa mama wa jumuiya. Hakuwa na glavu kila mara. Kuna nyumba alizoingia ambazo ndugu wa damu walikuwa wamesimama nje ya ua. Na wagonjwa walipokufa waliacha watoto, na bibi mmoja akajikuta na wajukuu saba na jembe moja. Sijaona makala ya kutosha kuhusu bibi hao. Chipole ilipokea watoto iliyoweza, lakini watoto wengi zaidi walipokewa na bibi, na jumuiya ikambeba bibi kwa kuchangia daftari, sare na sado la maharage.

Hapa inafaa niseme jambo ambalo huwasumbua wageni. Mkoa wetu wa Ruvuma ni ghala la taifa. Ukipita Ruhuwiko wakati wa ununuzi utaona malori ya mahindi yamepanga foleni kwenye maghala ya serikali. Itakuwaje mtu akose ugali katika mkoa unaolisha mikoa mingine? Itakuwa hivi: mahindi huvunwa Juni na Julai, na ndipo bei iko chini, na ndipo deni la mbolea linadaiwa. Mkulima mdogo huuza gunia ambalo Januari atalitafuta kwa bei mara mbili. Januari mpaka Machi mahindi yako shambani mabichi na kihenge kiko kitupu. Sasa tazama kalenda ya kanisa. Kwaresima, majira ya kufunga na kutoa kwa ajili ya maskini, huangukia hasa Februari na Machi, pale pale ambapo mtoaji na mpokeaji wanafanana. Ulaya kalenda hiyo ilipangwa mwisho wa baridi. Huku padri anasimama kuhimiza kufunga mbele ya watu ambao wiki ya pili sasa wanakula mlo mmoja. Mapadri wenye busara hapa huchangisha mahindi Julai.

Wafadhili wa Ujerumani na Uswisi nao wamezeeka. Monasteri zao zinafungwa, na bahasha zilizokuwa zikiletwa na Krismasi zimepungua. Hilo ndilo lililowafanya masista wa Chipole wafanye jambo ambalo kama lingesimuliwa mwaka 1938 lingechekwa: wakajenga kituo cha umeme. Mto Ruvuma unaanguka Tulila, na tangu mwaka 2015 mitambo yao inazalisha megawati 5 na kuziuza kwa TANESCO. Wakati huo Songea haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Tuliishi kwa majenereta ya dizeli na mitambo hiyo, na umeme ukikatika ulikatika kikwelikweli, mpaka njia ya umeme kutoka Makambako ilipofika mwaka 2018. Kwa miaka ile michache, taa ya baa ya Lizaboni na jokofu la samaki la Majengo vilikuwa vinawaka kwa nguvu za masista. Fedha za maji yale ndizo zinazosaidia kubeba shule, zahanati na watoto wa kituo. Sista aliyevaa kofia ngumu juu ya shela, ameshika kitabu cha vipimo vya mtambo, ni picha ambayo ningependa kuiona kwenye kuta za parokia pamoja na zile za maaskofu.

Makanisa mengine yana historia zao, na hapa nitazipitia kwa haraka tu. Waanglikana walifika kwa upande wa ziwa, na hospitali yao Liuli imetibu maskini wa mwambao kwa miaka mingi. Jimbo lao la Ruvuma ni la mwaka 1971. Walutheri na Wamoraviani wapo. Makanisa ya kilokole yamejaa mitaani, na vijana wao ndio mara nyingi wanaozungumza na wavulana wa stendi usiku, saa ambayo sisi wa madhehebu ya zamani tumelala. Na Ramadhani, sahani ya futari inayopita ukuta haiulizi mpokeaji anasali wapi.

Turudi kwa bibi wa kisimani.

"Ana mtoto Dar," katibu alijibu. "Simu haipatikani tangu mwaka juzi."

"Na si wa kwetu," mwingine akasema. "Alihamia kwa walokole."

"Walokole wamempelekea unga," mama mwenyekiti alisema. "Ukuta hawajaufikia. Wangapi wana matofali?"

Ndipo kikao kilipoanza kuwa kikao. Mmoja alikuwa na mabaki ya tanuri, matofali ya kuchoma kama mia tatu hivi, yamekaa nyuma ya choo miaka miwili. Mwingine mabati mawili ya zamani yenye matundu ya misumari. Fundi, kijana aliyesoma Peramiho, alisema hatadai siku yake ila saruji lazima inunuliwe, hajengi kwa udongo tena. Shilingi elfu moja moja kila nyumba, wasio nazo wabebe maji. Mjadala wa nani apike ulichukua muda mrefu kuliko mjadala wa ukuta.

Tulijenga Jumamosi iliyofuata. Bibi alikaa kwenye kigoda chini ya mwembe akitusimamia, na alikuwa msimamizi mkali. Dirisha aliliona kubwa mno, akataka lipunguzwe. Mchana matofali yalipofika kwenye toroli la pili akauliza:

"Tofali za nani hizi?"

Tukamtajia. Akanyamaza. Mwenye matofali na marehemu mume wa bibi waligombania mpaka wa shamba mpaka kwa mtendaji, na hawakuzikana. Tuliacha kuchanganya zege, tukasubiri.

"Basi jengeni," alisema mwisho. "Lakini mwambieni aje mwenyewe anisalimie."

Alikuja Jumapili baada ya misa, kofia mkononi, akasimama nje ya kizingiti kama mtoto aliyetumwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ingia. Angalia kichwa, fundi wenu ameufanya mlango mfupi."